Mgongo wa Mama Mkwe

...na kiduara bado kinazunguka, kinazunguka pale kwenye simu, katikati ya uso wa daktari, juu ya pua hasa, kama nzi aliyelewa, na daktari mwenyewe ameganda mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu, maneno ya mwisho yaliyonifikia ni "kuna kitu kingine", akaganda hapo, na mkono wangu wa kulia umekufa ganzi kutoka begani hadi kidole gumba lakini siushushi, Levi usiushushe, ukiushusha shibiri moja tu mtandao unaenda zake kabisa, nyumba hii ya mama mkwe imejengwa kisogoni mwa mlima, Kimilili yote ina mtandao isipokuwa hapa, na hapa penyewe unaingia kona hii moja, juu ya kalenda ya mwaka juzi, kimo cha mtu mrefu aliyepanda stuli, ndiyo maana nimepanda stuli, mzee mzima wa miaka arobaini na saba, kilo mia na nne, pua inagusa ukuta kama mtoto wa darasa la pili aliyeadhibiwa, simu juu, mgongo wangu kwa mama mkwe, na mama mkwe huko nyuma kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, anangoja, mvua inajaribu mabati, tone moja, tone lingine, kama mtu anayepima maikrofoni kabla ya shughuli, usinyeshe, tafadhali, mvua ikinyesha hata akirudi hatutasikiana... "Amepotea?" anauliza mama mkwe kwa Kibukusu, sauti ya chini, na mimi naujibu ukuta, "Amepotea kidogo, mayi, anarudi," mayi yaani mama, kwa ile sauti yangu ya furaha, sauti ya harusi, sauti ya kuwaambia watu keki imefika na kumbe keki iko ndani ya pikapu iliyokwama Kamukuywa, anarudi, anarudi wapi, asilimia tisa ya betri na kale kamchoro kamegeuka kekundu, na yeye alishasema ana mgonjwa mwingine saa tano na nusu, alishasema kila kitu, "Basi mama nitakuandikia dawa ya maumivu na ya kujipaka, usibebe mtungi, usiiname kupalilia, na tutaonana tena kwa simu baada ya wiki tano," wiki tano, dawa ya kujipaka, mgongoni, kwa sababu mimi nilimwambia ni mgongo, na si mgongo, mimi najua si mgongo, mama mkwe anajua si mgongo, mtu mmoja tu katika mazungumzo haya anaamini ni mgongo na ndiye daktari.

Na sikukosea, afadhali ningekuwa nimekosea, mtu akikosea anasema samahani ulimi uliteleza, mimi sikuteleza, daktari aliuliza vizuri kabisa, Daktari Wakonyo, binti wa watu, mzaliwa wa Kitale, ana ile sauti ya mtu aliyezoea kuongea na wazee, alisema, "Hebu mwambie mama anieleze ni wapi hasa panauma," na mimi nikageuza kwa Kibukusu, kwa maana mama mkwe sokoni anaongea Kiswahili cha kuuza maharagwe mpaka mteja anaongeza hela mwenyewe, lakini akiugua Kiswahili kinamtoka chote, anarudi kwa lugha ya mama yake, nikageuza, nikangoja, nikasikia kiti kikilia, halafu akasema polepole, kama mtu anayeweka yai mezani, "Mwambie ni pale Viola alipokula kabla hajaota meno"... Viola binti yake, mke wangu, na mimi, Levi Wekoye, MC Levi Mbavu, mwenye mdomo uliolisha watoto watatu na kuwasomesha, nikaangalia kalenda, nikasema, "Anasema ni mgongo, daktari."

Mgongo. Lilikuwa neno lililo tayari, lilikuwa limekaa pale mdomoni, kwa sababu hata Viola wakati wa kumwandikisha mama kwa daktari aliandika mgongo, mama alimwambia Viola mgongo, miezi mitatu mgongo, amekonda kwa sababu ya mgongo, hali chakula kwa sababu ya mgongo, na kosa langu si hata hilo, kosa ni kwamba mama mkwe alinisikia, Kiswahili cha kusema kilimtoka lakini cha kusikia kipo, alisikia nikisema mgongo, halafu akasema mwenyewe, kwa Kiswahili, ili daktari amsikie kwa masikio yake, "Ee, daktali. Ni mgongo," akanifunika... akanifunika aibu yangu kama unavyomfunika mtoto aliyelala amefunuka, yeye mgonjwa, mimi mzima, na mimi ndiye niliyefunikwa.

Kiduara. Asilimia nane. Lakini ningefanyaje, hebu mtu aniambie ningefanyaje, kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali meza moja, akiingia kwa mlango huu wewe unatafuta ule mwingine, na nyumba ikiwa na mlango mmoja basi si kuna dirisha, mimi mwenyewe mwaka niliooa nilikuwa natoka sokoni na suti yangu ya kijivu na viatu vipya vya Bata, nikamwona anakuja kwa kile kinjia cha mtoni, kikapu kichwani, hakuna pa kugeukia, nikajirusha kwenye mahindi ya mzee Wamalwa, suti na kila kitu, nikalala chali kati ya mistari nikashika pumzi, na yeye akapita, akasimama, sikuona ila nyayo zake, akayaambia mahindi, "Mahindi ya mwaka huu yamevaa viatu vizuri sana," akaenda zake, hajacheka hata kidogo, na mimi pale chini siafu wananila nikacheka mpaka nikajikojolea kidogo, hicho ndicho kichekesho changu cha kwanza kilichovunja ukumbi, nilikisema jukwaani Bungoma miezi miwili baadaye, watu walianguka vitini, na sikuwaambia ni cha nani... "Baba Job," anaita kutoka nyuma. "Naam, mayi." "Mkono haujachoka?" "Haujachoka, huu mkono ni wa chuma." "Chuma cha kilo mia," anasema, na anakohoa kidogo kuficha kicheko, unaona, unaona huyu mama, mimi kazi yangu yote ni mabaki ya meza yake, Viola akitoka kumwona anarudi na kichekesho, mama amesema hivi, mama amemwambia pasta vile, na mimi nakivalisha kanga nakipeleka sokoni.

Kanga. Usifike huko. Simu inatetemeka, kumbe ni ujumbe, huu wa kawaida ambao hauhitaji bando unapita hata pale mtandao wa video umelala, Viola, "Ameongea na dr? Amesema nini? Levi usifanye vichekesho," na ningemjibu vipi kwa mkono mmoja, yeye ndiye alipaswa kuwa juu ya stuli hii, tulipanga hivyo, Viola na mama yake ndani na mimi nje nimekaa na kuku, lakini jana jioni mkuu wa shule akampigia, wakaguzi wanakuja Bungoma Ijumaa, mwalimu wa darasa la nane asikose, na nafasi ya daktari ni Ijumaa hii au baada ya wiki tano, na mama amekataa katakata kwenda Kitale, tangu ile siku alipoenda hospitali moja huko mjini akakaa kwenye benchi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi, akaingia, akakuta daktari kijana wa kiume na wanafunzi wanne wa kiume wenye madaftari, wakamwambia mama, vua blauzi, akasema nimekuja na mafua, akapewa dawa ya mafua, akarudi nyumbani, tulicheka, kweli tulicheka, nilikigeuza kichekesho nikakisema Webuye, mama mkwe aliyesafiri siku nzima kwenda kupanga foleni ya mafua... alikuwa ameenda kuonyesha. Mungu wangu. Mwaka jana mwezi wa kumi. Alikuwa ameenda kuonyesha, na sisi tulicheka.

Ndiyo Viola akasema simu, simu ni nzuri, mama atakaa kwa kiti chake, na daktari ni mwanamke, na hakuna benchi, na ni kweli, hakuna benchi, simu imefupisha barabara yote ya kwenda Kitale ikawa kiganja, lakini kule Kitale angalau kuna mlango unaofungwa, muuguzi anasema wewe bwana ngoja nje, hapa mlango ni nani, hapa mlango ni mimi, mlango wenye masikio na kilo mia na nne, na daktari aliuliza, tena mwanzoni kabisa, msichana mwerevu, "Kuna nani mwingine chumbani? Mama yuko huru kuongea?" na mimi nikasema, "Niko mimi tu, daktari, mkwe, lakini mimi nihesabu kama ukuta, endelea," akacheka, walicheka wote wawili, nilimchekesha daktari na mgonjwa kwa mpigo mmoja, na nikajisikia vizuri, bana, nikajisikia mtu wa maana, na hapo ndipo nilipofunga mlango nikiwa upande usiofaa.

Ukuta. Lakini huu ukuta unaona. Hilo ndilo jambo, hilo ndilo linalonitoa jasho, si mkono, kwa sababu kwenye simu, kule pembeni chini, kuna kale kadirisha kadogo kanakoonyesha upande wetu, sikio langu la kushoto, kipande cha bega, na nyuma ya bega, kadogo kama stempu, mama mkwe, na daktari ameganda lakini kale kadirisha hakajaganda, miaka kumi na tisa ya ndoa sijawahi kuuangalia uso wa huyu mama zaidi ya muda wa kupiga chafya, na leo nimeutazama dakika ishirini, bila yeye kujua, uso wa Viola lakini umekamuliwa, mifupa imetoka, na daktari alipoganda mama alidhani hakuna anayemwona, mimi ukuta, daktari amepotea, akafungua sweta, niliangalia pembeni, naapa niliangalia pembeni, nikasoma kalenda, Aprili, duka la mbegu na mbolea, kisha macho yakarudi yenyewe, alikuwa ameingiza mkono ndani upande wa kushoto, akatoa kitambaa kilichokunjwa mara nne, akakitazama, akakigeuza, akakirudisha kwa upande mkavu, polepole, meno ameyauma, akafunga vifungo akaketi wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, na kitambaa kile nimekijua, ni cha kufuma, cheupe chenye ua la waridi, viti hapa ni vinne, na vyenye vitambaa ni vitatu, niliona nilipoingia, nikafikiri kimefuliwa.

Nilipoingia... hapana, usikumbuke nilipoingia. Kiduara, Levi, tazama kiduara. Nilipoingia saa nne, yeye akiwa amekaa upande ule na mimi upande huu, tumeachana chumba kizima kama inavyotakiwa, nikanusa, nikasema kwa sauti, maana mimi mdomo unatangulia, mdomo unafika nyumbani mimi bado niko kituoni, nikasema, "Mayi, hapa kuna panya amekufa chini ya ghala, na kwa harufu hii alikuwa mwenyekiti wao," na yeye akacheka. Akacheka, akasema, "Huyo atakuwa amekula mahindi ya mkwe," na baadaye kidogo akainuka, akakisogeza kiti chake mpaka kule karibu na mlango wazi, pale upepo unapopita, akasema anataka kuona kuku wake. Kuku. Hakuna kuku upande ule. Nimeliona sasa hivi tu, juu ya stuli, hakuna kuku upande ule.

Na kanga basi, acha ije, imeshakuja, ile shughuli yangu kubwa, ile ambayo watu wananiita kutoka Kachibora mpaka Malaba, Mama Mkwe Amefika, navaa kanga na kilemba, ndani natia papai mbili, naingia kwa mwendo ule, natukana chakula, nakataa kiti, na katikati, hapo ndipo penyewe, papai la kushoto linaanguka, pwa, nalitazama, ukumbi umekata pumzi, nawaambia, "Msijali, moja imetangulia sokoni, hii nyingine itafuata kwa bodaboda," na ukumbi unalipuka, kila mara, miaka tisa, la kushoto, siku zote la kushoto kwa sababu mkono wangu wa kushoto ndio unaobana, na video ilizunguka kwenye simu za watu mpaka ikamfikia, mtoto fulani wa kanisani akamwonyesha, mimi nikataka ardhi ipasuke, nikamwambia Viola niombee msamaha, na Viola akarudi na jibu, mama amesema mwambie Levi papai ni ndogo mno, watu watadhani ametoka ukoo wa watu wenye njaa... miaka tisa, na hiki kidonda kina muda gani, kina miaka mingapi, aliiona ile video kitu kikiwa tayari kimeanza, alikaa hapo kwenye kiti akashika simu ya mtoto wa watu akanitazama nikiangusha la kushoto, na akanitumia kichekesho.

Mvua. Sasa inanyesha kidogo, bado naweza kusikia, usizidi. Asilimia saba. Sawa, tufikirie kama watu wazima. Nikishuka hapa nimpigie Viola, nimwambie, mama yako ana kidonda mahali fulani, Viola atampigia mama jioni, mama atasema nani amekuambia, Levi, Levi ameona wapi, na mimi nitasema nini, niliona kwenye kadirisha nikiwa ukuta, na mama atasema ni uongo, ni mgongo, si hata daktari amesema ni mgongo, ameandika dawa ya mgongo, karatasi ipo, mimi ndiye niliyeitafuta hiyo karatasi, nimempa mama kitu cha kujifichia chenye mhuri wa daktari. Au nimtafute mama jirani aje ashike simu, Jentrix wa pale juu, mama wa kanisa, mfupi kama mfuko wa saruji, kwenye stuli hii hafiki hata nusu ya kalenda, na kumwita ni dakika kumi, na nikishuka simu inakatika na daktari anaenda kwa wa saa tano na nusu. Au nimkabidhi mama simu nitoke nje, nilijaribu hilo mwanzoni, kule chini kwenye kiti hakuna mtandao hata wa dawa, niliiegemeza juu ya kabati ikaonyesha mabati, nikaifunga kwenye msumari wa kalenda ikaanguka nusura ivunjike. Au nisubiri wiki tano Viola aje mwenyewe. Wiki tano. Na kile kitambaa hakina upande mkavu mwingine, ameshakigeuza.

Au niseme. Hebu jaribu kwa ndani, bila sauti, daktari, samahani, kuna jambo... hapana, mkwe hasemi jambo, daktari atasema jambo gani... daktari, mama ana uvimbe upande wa... upande wa nini, upande wa mlima... daktari, pale watoto wananyonya... unaona unavyozunguka, kumbe na wewe ni kiduara, sema jina lake, lina jina, titi, ni titi, kila ng'ombe analo, umelitaja mbele ya watu elfu na kanga kiunoni, umelitaja mbele ya mchungaji akacheka mpaka akatoa miwani, lakini hilo lilikuwa papai, hilo lilikuwa langu, sijawahi kulitaja la mtu, na la huyu, ambaye wazee wakisikia mkwe amelitaja watasema Levi amelaaniwa, watoto wake watatetemeka mikono, sijui atadaiwa kondoo, sijui blanketi, basi nitatoa kondoo, nitatoa blanketi, nitatoa blanketi la kilo tano lenye picha ya simba, iko mila gani inayotaka mama aketi karibu na mlango ili upepo uibe harufu yake, hiyo si mila, hiyo ni mimi, mila ilituambia tuheshimiane, haikuniambia niseme mgongo, hilo nililitunga mwenyewe nikalitia mila jina... mama alikuwa ameshavuka. Hilo ndilo. Yeye alivuka kwanza. Mwanamke wa miaka sabini na mmoja, hajawahi kuniita jina, alikusanya maneno yake, pale Viola alipokula kabla hajaota meno, akayaosha, akayatandika kitambaa juu, akanipa mkononi, mimi mkwe wake, akaniamini niyapitishe tu upande wa pili, na mimi nikayaangusha kama papai.

Kipkemei aliyetufundisha jukwaa kule Bungoma, mzee mkali kweli kweli, alikuwa anatupiga na gazeti lililokunjwa, anasema nyinyi vichekesho vyenu ni uoga mtupu, mtu akinyamaza mbele yenu mnamrushia mzaha kama mnavyomrushia mbwa mfupa ili asiwaume, nyamazeni, hesabuni mpaka nne, halafu semeni kile mlichokuwa mnakikimbia, na mimi sikuwahi kufika nne, miaka ishirini na tano naishia mbili. Moja. Daktari bado mdomo wazi, ana mwanya, sikuwa nimeona, ana mwanya mzuri. Mbili. Hapa ndipo mzaha huingia, upo, uko tayari, unabisha hodi, ngoja nje wewe. Tatu. Kwenye kadirisha mama mkwe ameweka mkono wake wa kulia juu ya ule wa kushoto, juu ya sweta, hapo hapo, kama anayetuliza mtoto. Nne...

"Daktari," nasema, kwa Kiswahili, kwa sauti, na si sauti ya harusi, sijui hii ni sauti ya nani, imetoka nyembamba, "si mgongo. Nilikudanganya, mama hakusema mgongo. Ni titi. La kushoto. Kuna kidonda na kinatoa maji, ameweka kitambaa, mimi nimekiona," na jasho linanidondoka puani kwenye Aprili, na kiduara kinazunguka, daktari hajasikia hata herufi moja, jicho nusu, mwanya, kuna kitu kingine, nimeiambia picha, nimelitaja titi la mama mkwe mbele ya picha na kalenda ya mbolea, sitazami, natazama, kwenye kadirisha yeye hajasogea, hajashtuka, ameinua kichwa na ananitazama, si mgongoni, si kisogoni, ananitazama machoni, kupitia simu, moja kwa moja kwenye kale kadirisha, na anatazama kama mtu ambaye amekuwa akitazama muda mrefu, kumbe yule mtoto wa kanisani hakumwonyesha video tu, kumbe anajua simu inavyoona, kumbe alipofungua sweta... alijua. Alijua ukuta uko wapi na macho yake yako wapi. Alisema kwa maneno nikayaangusha, akasema tena kwa kitambaa.

Sijui nifanye nini na uso wangu, na hakuna pa kuupeleka, hakuna mahindi humu ndani, naubakiza hapo hapo, tunatazamana, mimi na mama mkwe, kwenye kioo kidogo kama stempu, mvua inapiga mabati taratibu, asilimia sita, kiduara kinazunguka. "Baba Job," anasema. "Naam, mayi." "Akirudi, mwambie vile vile ulivyosema. Usipunguze." "Sipunguzi." Namwona anahesabu, naapa anahesabu, moja, mbili, tatu, huyu hakufundishwa na mtu, na ule upande mmoja wa mdomo wake unapanda kidogo, kama wa Viola akianza kusamehe. "Na umwambie," anasema, "si panya."

Na mimi macho yamejaa, daktari anaonekana wawili, viduara viwili, mkono wala siusikii tena kama ni wangu... "Nitamwambia, mayi," nasema, na mkono siushushi.